Jino Linapouma Eringeti: Mambo ya Kujua na Kutayarisha Kabla ya Kwenda Kutibiwa



Kitabu cha Mithali, sura ya 25, mstari wa 19, kinamfananisha mtu asiye mwaminifu, anayetegemewa siku ya taabu, na jino lililovunjika. Aliyeandika maneno hayo alijua maumivu hayo. Mwenye jino bovu hatafuni vizuri, halali, hafanyi kazi shambani kwa nguvu, na hata ibadani mkono wake uko shavuni.

Hapa Eringeti, na katika vijiji vinavyofuata barabara ya taifa namba 4 kati ya Oicha na Luna, watu wengi wanangoja jino mpaka linawalaza chini ndipo watafute msaada. Sababu zake tunazijua sote: safari ya pikipiki ni ya pesa, barabara ina siku zake mbaya, mavuno ya kakao hayangoji, na koleo la kung'olea linaogopesha. Lakini kungoja nako kuna bei, na mara nyingi ni kubwa kuliko nauli ya Oicha au Beni. Makala haya yanaeleza kile kinachofanyika kwenye kiti cha meno, na namna ya kujitayarisha, ili atakayekwenda aende akijua.

Jino linaozaje?

Jino halina mdudu anayelitoboa kama mahindi ghalani. Mdomoni mwa kila mtu kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Tunapokula au kunywa vitu vya sukari (chai yenye sukari nyingi, soda, biskuti, pipi), vijidudu hivyo vinatumia sukari ile na kutoa asidi. Asidi inalainisha sehemu ngumu ya nje ya jino. Jambo hili likirudi mara nyingi kila siku, kitundu kinafunguka.

Kitundu kikiwa kwenye tabaka la nje, husikii kitu. Kikifika tabaka la pili, maji baridi na vitu vitamu vinachoma kwa muda mfupi kisha maumivu yanaisha. Kikifika ndani kabisa, penye mshipa wa fahamu na damu, maumivu yanakuja yenyewe, hasa usiku, na yanakaa. Baadaye mshipa unakufa na maumivu yanaweza kukoma ghafula. Wengi hushukuru wakidhani wamepona. Kumbe ugonjwa umeshuka kwenye mzizi, na usaha unaanza kujikusanya katika mfupa.

Kwa hiyo, mpendwa, kumbuka mpangilio huu. Jino linalochoma kidogo kwa baridi mara nyingi linaweza kuzibwa. Jino linalokuamsha usiku linahitaji tiba kubwa zaidi. Jino lililonyamaza baada ya kuuma sana bado linahitaji kuangaliwa.

Kazi nne ambazo unaweza kufanyiwa

*Kuziba jino.* Daktari anaondoa sehemu iliyooza na kujaza kitundu kwa dawa inayokauka na kuwa ngumu. Wengi wanafikiri kazi hii haiwezekani bila mashine na umeme, lakini sivyo. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza njia ya kuondoa uozo kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuziba kwa saruji maalumu inayoshikana na jino na kutoa floridi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani. Haihitaji jenereta, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Inafaa sana kwa vitundu vidogo na kwa meno ya watoto. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, na dawa ya maji ya fedha na floridi inayosimamisha uozo. Hii ya mwisho inaacha doa jeusi kwenye jino, kwa hiyo mzazi asishtuke akiliona kwa mtoto wake.

Unapoulizia mahali pa kutibiwa, uliza swali hili: "Je, hapa mnaziba meno, au mnang'oa tu?" Kuna mahali ambapo kila jino linang'olewa kwa sababu hakuna vifaa vya kazi nyingine. Ukiwa na jino la kuzibwa, inafaa kujua hilo kabla ya kulipa nauli.

*Kutibu mzizi.* Jino ambalo mshipa wake umeharibika linaweza kuokolewa. Daktari anatoboa juu ya jino, anasafisha mifereji ya ndani mpaka mwisho wa mzizi, kisha anaijaza na kufunga. Kazi hii inataka picha ya mionzi, ile tunayoiita radio, na mara nyingi inachukua ziara mbili au tatu. Bei yake ni kubwa kuliko ya kung'oa.

Hapa mtu wa Eringeti anapaswa kupima kwa makini. Jino lililofunguliwa na kuachwa bila kumalizwa linaweza kuwaka tena. Kabla ya kukubali, uliza ni ziara ngapi, ni pesa ngapi kwa jumla, na kama unaweza kurudi tarehe iliyopangwa hata barabara ikiwa na shida. Kama una ndugu Oicha au Beni wa kukupokea siku kadhaa, unaweza kuokoa jino. Kama huwezi kurudi, mwambie daktari mapema. Kuchagua kung'oa kwa sababu ya hali ya njia si ujinga. Ni kujua unapoishi.

*Kung'oa jino.* Kazi hii inafanyika jino likiwa limeharibika kiasi kwamba haliwezi kuzibwa, likiwa limelegea sana, au likiwa na usaha wakati njia nyingine haipo. Muuguzi au daktari anapiga sindano ya ganzi kwenye ufizi. Utasikia kuchomwa kidogo, kisha mdomo unakuwa mzito. Kabla ya kuanza anagusa ufizi ili ajue kama umekufa ganzi. Wakati wa kung'oa utasikia kusukumwa na kuvutwa, na pengine sauti ya kukwaruza. Maumivu makali hayatakiwi. Ukiyasikia, inua mkono. Atasimama na kuongeza dawa.

Wengine wanasema kung'oa jino la juu kunapofusha jicho. Hapana. Mizizi ya meno ya juu haishikilii macho. Ni usaha wa jino lisilotibiwa ndio unaoweza kupanda na kuleta hatari karibu na jicho.

*Kuondoa ugaga.* Utando usiposafishwa kwenye meno unakuwa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga. Unaleta fizi zinazotoka damu, harufu mbaya, na mwishowe meno kulegea. Kuna vyombo maalumu vya kuukwangua. Baada ya kazi hiyo, baadhi ya watu wanaona meno yanacheza na wanasema daktari ameyaharibu. Ukweli ni kwamba ugaga ulikuwa umeshikilia meno ambayo tayari yalikuwa yamepoteza mfupa. Ufizi ukipata usafi, mara nyingi unakaza kidogo.

Kabla ya safari

Mwambie anayekutibu ukweli wote wa mwili wako. Usiogope na usione haya. Mambo yafuatayo yanabadilisha namna ya kukutibu:

- Tansio ya juu, ugonjwa wa sukari, ugonjwa wa moyo, pumu au kifafa.
- Dawa zozote unazokunywa, hasa za kulainisha damu na aspirini. Taja pia dawa za majani.
- Dawa iliyowahi kukuletea kuvimba, upele au kushindwa kupumua, kwa mfano penisilini.
- Historia ya kutokwa damu isiyokoma baada ya jeraha au kuzaa.
- Mimba, hata kama ni changa. Kipindi chepesi zaidi kwa kazi za meno ni mwezi wa nne mpaka wa sita, lakini uvimbe na usaha vinatibiwa wakati wowote. Mama mjamzito asiachwe na homa ya jino kwa kuogopa sindano.
- Virusi vya UKIMWI. Anayekunywa dawa zake anatibiwa meno kama wengine, na hapaswi kuziacha siku hiyo.

Usiache dawa yako ya tansio au ya sukari asubuhi ya matibabu, isipokuwa daktari wako amesema hivyo.

Kula kabla ya kwenda. Wengi wanakwenda na tumbo tupu wakidhani ni kama operesheni. Ganzi ya jino haihitaji njaa, na mwenye njaa na hofu anaweza kuzimia kwenye kiti. Kama kanisa liko katika mfungo, ongea na mchungaji wako. Siku ya kutibiwa si siku ya kufunga. Ni pale tu daktari atakaposema utalazwa usingizi wote ndipo utafuata amri yake ya kutokula.

Piga mswaki asubuhi hiyo. Nenda na mtu wa kukusindikiza, kwa sababu kurudi peke yako juu ya pikipiki, mdomo una ganzi na damu, si vizuri. Panga kufika asubuhi ili upate muda wa kukaa kidogo baada ya kazi, na kurudi nyumbani kabla ya jioni. Chukua kitambaa safi na maji safi ya kunywa. Uliza habari za njia kwa waliopita siku ile.

Ukifika, una haki ya kuuliza

Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020 ulituumiza sana katika Beni, Butembo na Mangina. Pia ulitufundisha kwamba mikono safi na glavu safi vinaokoa maisha. Katika meno, damu na mate vipo kila mara, na homa ya ini aina ya B pamoja na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye chombo kichafu.

Kwa hiyo uliza kwa heshima: "Daktari, hivi vyombo vimepitishwa kwenye mashine ya kuua vijidudu?" "Naomba kuona sindano ikifunguliwa mpya." Angalia kama amenawa na kuvaa glavu mpya. Daktari mzuri hatachukia. Anayezunguka sokoni na koleo moja ndani ya mfuko, aking'oa kwa bei ndogo, hawezi kukujibu maswali haya. Usimpe mdomo wako.

Uliza pia: Jino gani litatibiwa? Kuna njia nyingine? Bei yote ni kiasi gani? Nikipata shida usiku nifanye nini? Ukitoka bila majibu hayo, maandalizi yako hayajakamilika.

Baada ya kung'olewa

Uma pamba au kitambaa safi kwa nguvu kwa dakika 30 bila kukitoa kila mara kuangalia. Damu iliyoganda ndani ya shimo ni bandeji ya Mungu, iache pale. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara, usinywe pombe, wala usinyonye kwa mrija. Usile cha moto wakati ganzi ipo, maana utajiunguza au kujiuma bila kusikia. Uji uliopoa, supu isiyo moto, ndizi zilizopondwa na bugali laini vinafaa. Tafuna upande mwingine.

Mate yenye rangi ya damu siku ya kwanza ni kawaida. Damu ikijaa mdomoni, uma tena kitambaa safi dakika 30 ukiwa umekaa wima. Isipokoma, rudi hospitalini. Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hasa baada ya kula. Endelea kupiga mswaki meno mengine.

Kwa maumivu, parasetamoli inafaa watu wengi ikinywewa kwa kipimo. Diklofenaki na ibuprofeni si za mama mjamzito, hasa miezi ya mwisho, wala za mwenye vidonda vya tumbo. Maumivu yanatakiwa kupungua kila siku. Yakizidi siku ya tatu au ya nne, na shimo likawa tupu lenye harufu, rudi. Bandeji ya damu imetoka, na daktari anaweza kukusafisha na kuweka dawa.

Usinunue antibiotiki mbili tatu dukani kila jino linapouma. Zinapunguza uvimbe kwa siku chache, lakini chanzo kinabaki ndani ya jino, na vijidudu vinazoea dawa. Ukipewa na daktari, maliza zote. Ukipewa metronidazoli, usiguse pombe. Na usiweke asidi ya betri wala petroli kwenye jino. Vitu hivyo vinaunguza ufizi na mfupa, na jino linabaki bovu vilevile.

Dalili za kutongoja kesho

Usaha wa jino unaweza kuua. Nenda hospitalini siku hiyohiyo ukiona moja kati ya haya: uvimbe chini ya kidevu au shingoni, uvimbe unaofunga jicho, mdomo kushindwa kufunguka, kushindwa kumeza mate, kupumua kwa shida, homa kali na kutetemeka. Hapo si suala la jino tena, ni suala la uhai.

Tunajua neno "siku hiyohiyo" lina uzito gani kwetu. Tarehe 29 Novemba 2015 shambulio lilifika mpaka kwenye hospitali ya Eringeti, mahali ambapo wagonjwa walikuwa wamelala. Tangu hapo familia nyingi zimejifunza kupima kila safari. Ndiyo maana tunasisitiza jino litibiwe likiwa bado dogo, siku ya amani, mchana, kwa mpango. Anayekwenda na kitundu kidogo anachagua siku yake. Anayengoja uvimbe wa shingo hachagui. Anaweza kulazimika kupita njia usiku ambao hakuna anayepita.

Watoto wetu

Meno 20 ya utotoni yanatunza nafasi ya meno ya ukubwani yatakayochukua mahali pake. Yakioza, mtoto hali vizuri na hakui vizuri. Msaidie kupiga mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa kidogo yenye floridi. Kwa mtoto chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele kinatosha.

Mtoto mchanga akiwa na homa na kuhara, wengine wanasema ana meno ya uongo na wanamkata ufizi. Jirani zetu wa Uganda wanayaita ebinyo, na Tanzania wanayaita meno ya nailoni. Kinachotolewa ni chipukizi za meno yake ya kweli. Jeraha linaweza kuleta maambukizi na kutoka damu mpaka kifo, huku malaria au kuhara kulikoleta homa kukibaki bila tiba. Mpeleke kituo cha afya.

Jambo jingine linahusu hasa familia zilizohama na kukaa kwa shida. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa, au aliyetoka kuugua surua, akipata kidonda kwenye ufizi chenye harufu mbaya na shavu likavimba, hiyo inaweza kuwa noma. Inaweza kula shavu kwa siku chache. Ikikamatwa mapema, antibiotiki, usafi wa mdomo na chakula vinaisimamisha. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Haiambukizi, na si laana. Mtoto huyo asifichwe ndani ya nyumba.

Kazi ya kanisa

Uponyaji si jambo geni kwa makanisa yetu. Hospitali ya Oicha ilianza miaka ya 1930 kwa kazi ya daktari mmisionari Carl Becker, na vizazi vingi vya wauguzi Wakristo wameiendeleza. Kuomba na kutibiwa havijawahi kushindana pale.

Parokia inaweza kufanya mambo madogo yenye faida kubwa. Mashemasi wanaweza kuuliza baada ya ibada nani ana jino linalomuuma, kisha kuwaunganisha watatu au wanne wasafiri siku moja na kugawana gharama. Mfuko wa diakonia unaweza kusaidia nauli ya mjane. Akina mama wanaweza kubaki na watoto wa aliyekwenda. Vifurushi vya msaada kwa wahamaji vinaweza kuwa na mswaki na dawa ya meno pamoja na sabuni. Na mchungaji anayemwombea mwenye shavu lililovimba amalize kwa kumuuliza: "Unakwenda lini hospitalini, na nani anakusindikiza?"

Leo jioni, kabla ya maombi ya nyumbani, washa tochi ya simu. Mwambie kila mtoto afungue mdomo, kisha baba na mama nao wafungue. Tafuta kitundu cheusi, ufizi unaotoka damu, uvimbe mdogo wenye usaha. Ukiona kimojawapo, panga siku wiki hii.